Peremende si chenji

Wiki iliyopita niliingia katika duka moja la rejareja kununua sabuni ya mche na kiberiti. Nilitoa noti, na hesabu ikabakiza Sh. 150 mkononi mwa muuzaji. Badala ya kufungua droo ya fedha, kijana yule alifungua mtungi wa plastiki uliokuwa kando ya mizani, akachota pipi tatu za mnanaa na kuziweka juu ya meza.

"Chenji hakuna, mzee wangu. Chukua pipi kifua, koo lifunguke."

Nilimjibu kwamba koo langu halijafunga. Tulicheka wote wawili, nikazichukua, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo sijarudi dukani pale. Sina hasira na kijana yule, ila duka la jirani yake lina chenji, na mimi ni mteja kama wateja wengine.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni wenye maduka, wauzaji wa jumla na watu wenye akiba ndogo wanaotafuta mahali pa kuiweka. Kwao wote pipi ya mnanaa ni jambo dogo, na wachache wana hesabu yake kwenye daftari. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza fedha. Pipi ya mnanaa ni bidhaa kamili, yenye aina zake, wateja wake na namna zake za kuharibika. Anayeigeuza sarafu hupoteza mara mbili: hapati soko la pipi, na hupoteza imani ya mteja wa sabuni.

Hata neno lenyewe linaonyesha tulivyoichanganya. Peremende ni neno lililotokana na peppermint ya Kiingereza, yaani mnanaa ule mkali. Leo kila pipi huitwa peremende, iwe ya ndimu, ya chungwa au ya maziwa. Jina la aina moja limemeza ukoo mzima, na ndivyo wengi wetu tunavyoagiza mzigo: "Nipe peremende katoni mbili," bila kuuliza ni peremende gani.

Sarafu ilirudi kwanza, pipi ikafuata

Mwaka 1912 huko Ohio, Marekani, mtengenezaji wa chokoleti aitwaye Clarence Crane alikuwa na tatizo ambalo wenye maduka wa Tanga na Mombasa wanalijua vizuri. Joto lilipofika chokoleti iliyeyuka, na mauzo yakalala. Akatafuta kitu kisichoogopa jua, akapata vidonge vya mnanaa vilivyoshindiliwa kwa mashine ya kutengenezea vidonge vya dawa. Vilikuwa vya duara, vyenye tundu katikati. Akaviita Life Savers.

Mwaka uliofuata Crane aliuza haki ya bidhaa hiyo kwa Edward Noble kwa dola 2,900. Noble alikuta mzigo una kasoro. Vidonge vilikuwa ndani ya makasha ya karatasi ngumu, vikipoteza harufu na kunusa gundi. Akabadilisha kifungashio, akavifunga kwa karatasi ya bati. Kisha akawaendea wenye baa, mikahawa na maduka ya sigara akiwa na ombi moja. Waweke pipi kando ya mashine ya fedha, waandike bei ya senti tano kwa herufi kubwa, na wanapomrudishia mteja chenji wahakikishe ndani yake imo sarafu ya senti tano.

Noble hakuwaambia wauzaji wabaki na sarafu na kumpa mteja pipi. Aliwaambia waitoe sarafu. Mteja akawa na senti tano kiganjani, pipi mbele ya macho na bei iliyoandikwa wazi. Akachagua mwenyewe, na aliyechagua mwenyewe hurudi. Mwaka 1943 Noble huyo huyo alinunua mtandao wa redio kwa dola milioni 8, ndio uliokuja kuitwa ABC.

Sisi tumeshika nusu ya somo lake. Mtungi tumeuweka mahali pake, karibu na fedha, lakini sarafu tumeificha.

Kuna wanaosema kosa ni la uhaba wa sarafu. Ni kweli kwamba uhaba huleta pipi. Italia ilipokosa sarafu katika miaka ya 1970, wenye maduka walirudisha pipi, stempu na vijisarafu vya simu. Zimbabwe ilipoacha dola yake mwaka 2009 na kutumia fedha za kigeni, noti zilipatikana lakini sarafu ndogo zikawa adimu, na pipi zikawa chenji hadi Benki Kuu yake ilipotoa sarafu za bondi Desemba 2014. Hizo zilikuwa nchi zenye matatizo makubwa ya fedha. Duka la mtaani lililoshindwa kwenda benki asubuhi kuchukua mfuko wa sarafu halina haki ya kujifananisha nazo.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke bei za kwake. Pakiti ya pipi 100 umeinunua Sh. 3,500, yaani Sh. 35 kila pipi. Ukiuza kwa Sh. 50, unapata Sh. 15 kwa pipi. Wateja kumi kwa siku waliolazimishwa kuchukua pipi moja moja wamekupa faida ya Sh. 150.

Sasa tazama upande wa pili. Mama mmoja wa mtaani kwako hununua kwako mchele, mafuta na sukari vya Sh. 5,000 kila siku. Faida yako kwenye vyakula hivyo tuseme ni asilimia 8, yaani Sh. 400. Mama huyu akichoka kubeba pipi badala ya fedha, akavuka barabara, umepoteza Sh. 400 kwa siku ili upate Sh. 150. Inatosha aondoke mmoja tu kati ya wale kumi. Wala hatakuaga. Utaona tu mchele unakaa.

Isitoshe, pipi ya kulazimishwa haina mteja wa kesho. Aliyepewa humpa mtoto au huisahau mfukoni. Hajui jina lake wala hajaipenda. Mwenye duka naye hununua pipi ya bei ya chini kuliko zote kwa kuwa anajua hakuna atakayeichagua, na mtungi unakuwa wa pipi zisizotakiwa na mtu.

Aina si moja

Anayetaka kuuza mnanaa kama bidhaa lazima ajue anauza nini. Aina kubwa ni hizi.

Ya kwanza ni pipi ngumu ya kuchemshwa, ambayo Tanzania tunaiita pipi kifua. Sukari na sharubati ya glukosi huchemshwa hadi karibu nyuzi 150 za sentigredi, maji karibu yote yakatoka, kisha hutiwa mentoli na mara nyingi mafuta ya mkaratusi. Halls, iliyoanzia kwa ndugu wawili wa karibu na Manchester, Uingereza, ni ya ukoo huu. Wanunuzi wake ni wenye mafua, walimu, wahubiri, makondakta na wote wanaotumia sauti. Mauzo hupanda msimu wa baridi na wa vumbi. Adui yake ni unyevu. Kwa kuwa imekaushwa sana, huvuta maji ya hewani, na katika miji ya pwani mtungi ulioachwa wazi hugeuka bonge moja linalonata na karatasi zake.

Ya pili ni kidonge cha kushindiliwa, kama Life Savers wa Noble au Polo ya Uingereza. Polo ilibuniwa na kampuni ya Rowntree ya York mwaka 1939, vita vikaichelewesha, ikaingia sokoni mwaka 1948. Hiki hakipikwi. Ni unga wa sukari uliobanwa kwa nguvu. Kinastahimili joto kuliko vingine, lakini huvunjika katoni ikitupwa, na hupoteza harufu kikikaa. Mnunuzi wake ni mtu wa ofisini na msafiri anayetaka pumzi safi. Tic Tac ya Ferrero, iliyoanza mwaka 1969, ni punje ndogo iliyopakwa sukari tabaka kwa tabaka, lakini mnunuzi wake ni huyo huyo.

Ya tatu ni lozenji kali. Mfano wake mkubwa ni Fisherman's Friend, iliyoanzishwa mwaka 1865 na mfamasia James Lofthouse katika mji wa bandari wa Fleetwood kwa ajili ya wavuvi waliokwenda kwenye bahari za Iceland. Haina sura wala rangi ya kuvutia, na ukali wake humtoa mtu machozi. Lakini aliyeizoea hataki nyingine. Hii hununuliwa na wachache, tena kwa bei nzuri, na wanunuzi hao hawahami.

Ya nne ni ya kutafuna. Humo kuna pipi laini zenye ganda, kama Mentos iliyoanzia Uholanzi, na kuna jojo, au PK kama wengi wanavyoiita Kenya. Doublemint ya Wrigley iko sokoni tangu 1914. Wanunuzi wake ni vijana, madereva wa masafa marefu na, huko Kenya, watafunaji wa miraa wanaotaka kuondoa uchungu mdomoni. Hii huenda kwa kasi lakini hugumu ikizeeka, kwa hiyo usiagize ya miezi sita kwa kushawishiwa na punguzo la bei.

Ya tano ni chokoleti yenye mnanaa ndani, mfano After Eight ya mwaka 1962. Ladha ni nzuri na sanduku linapendeza kwa zawadi, lakini mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34. Duka lisilo na friji liachane nayo. Crane aliliona hilo mwaka 1912, na jua letu halijapungua tangu wakati huo.

Siku hizi karibu kila aina ina ndugu yake asiye na sukari, aliyetiwa utamu kwa sobitoli au zailitoli. Wenye kisukari huziulizia. Muuzaji awe mkweli na asome karatasi ya nyuma kabla hajajibu, tena amwambie mteja kwamba sobitoli ikizidi huendesha tumbo.

Ladha nayo haifanani. Mnanaa mkali wa peppermint hupata ubaridi wake kutoka kwa mentoli. Spearmint, wenye harufu karibu na ya nanaa ya chai, ladha yake inatokana zaidi na kemikali iitwayo kavoni, na ubaridi ni mdogo. Mtoto anayekataa pipi kali mara nyingi atapokea hii ya pili. Ubaridi wenyewe si wa kweli, kwani mdomo haupoi. Mentoli huamsha mishipa ya fahamu inayopokea habari za baridi. Mmoja wa waliogundua namna mishipa hiyo inavyofanya kazi, David Julius wa Marekani, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Kwa hiyo pipi kifua hutuliza koo kwa muda tu. Anayekohoa wiki ya tatu mpeleke zahanati. Usimwongezee pipi.

Ghalani

Mafuta ya mnanaa huruka, na hupita hata kwenye kifungashio kinachoonekana kizima. Katoni ya pipi kifua ikikaa wiki mbili kando ya majani ya chai, utauza chai yenye harufu ya dawa. Ikikaa kando ya sabuni au mafuta ya taa, utauza pipi yenye harufu ya sabuni au ya taa. Mnanaa uwe na rafu yake, mbali na unga, biskuti na chai. Usikae sakafuni wala chini ya bati la moto. Mtungi uwe na kifuniko kinachobana. Mzigo wa kwanza kuingia uwe wa kwanza kutoka. Haya hayagharimu mtaji, na yanaokoa katoni.

Bei hupandishwa na nini?

Muuzaji wa jumla akikwambia bei imepanda kwa sababu mnanaa umeadimika, mwombe maelezo zaidi. Mentoli nyingi ya asili duniani hutoka India, hasa jimbo la Uttar Pradesh, ambako wakulima wa wilaya kama Barabanki hulima mnanaa na kuukamua mafuta. Bei yake huyumba, kiasi kwamba mafuta hayo yamekuwa yakiuzwa kwa mikataba ya mbele katika soko la bidhaa la Mumbai. Aidha, ipo mentoli ya viwandani, ambayo mbinu yake ilichangia tuzo ya Nobel ya kemia aliyoipata Ryoji Noyori wa Japani mwaka 2001.

Lakini tazama kiasi kinachotumika. Pipi kifua ikiwa na miligramu 5 za mentoli, kilo moja inatosha pipi 200,000. Mentoli ikipanda bei maradufu, pipi moja haitaongezeka kwa kiasi cha kumtisha mtu. Kinachobeba gharama ni sukari, kifungashio, nishati ya kupikia, usafiri na ushuru. Mfanyabiashara wa mnanaa asome habari za sukari na za mafuta ya dizeli kabla ya habari za mnanaa.

Kwa wenye akiba ndogo

Wengine wataniuliza: basi tununue hisa za makampuni haya? Historia inaonyesha thamani iko kwenye jina kuliko kwenye sukari. Mwaka 2004 Kraft ilikubali kuiuzia Wrigley majina ya Life Savers, Altoids na mengine kwa dola bilioni 1.48. Mwaka 2008 Mars ikainunua Wrigley yote kwa karibu dola bilioni 23. Crane aliuza Life Savers kwa dola 2,900, kumbuka.

Hata hivyo kuna mitego miwili. Kwanza, Mars, Ferrero na Perfetti Van Melle yenye Mentos ni makampuni ya kifamilia. Hisa zake haziuzwi kwenye soko la hisa, na anayekupigia simu kukuuzia ni tapeli. Mwenye Polo, yaani Nestlé, na mwenye Halls, yaani Mondelez, ndio walio sokoni, huko Uswisi na Marekani, na mnanaa ni sehemu ndogo ya biashara zao. Pili, biashara hii ina kilele na bonde. Mwaka 2020, watu walipokaa nyumbani na kuvaa barakoa, mauzo ya pipi za pumzi na ya jojo yalishuka Marekani na Ulaya. Desemba 2022 Mondelez ilitangaza kuiuzia Perfetti Van Melle biashara yake ya jojo katika nchi zilizoendelea kwa dola bilioni 1.35. Kampuni kubwa imeona afadhali iuze. Mwenye akiba ndogo naye apime.

Kwa wengi wetu uwekezaji wa kweli katika mnanaa ni rafu moja dukani, iliyopangwa vizuri na yenye hesabu yake.

Dirisha linafungwa

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Leo mteja hulipa kwa namba ya duka, Sh. 850 ikiwa Sh. 850 kamili. Hakuna chenji, hivyo hakuna mahali pa kupenyeza pipi. Kila mteja anayehamia kwenye simu anapunguza "mauzo" ya mtungi ule. Mwenye duka aliyezoea kumaliza pakiti tatu kwa wiki kwa njia ya chenji atashangaa pakiti moja inakaa mwezi, atadhani watu wameacha kula pipi. Watu hawajaacha. Wameacha kulazimishwa, na hapo ndipo atakapojua kama alikuwa na wateja wa mnanaa au la.

Ushauri wa ukurasa huu basi ni huu. Asubuhi chukua sarafu za kutosha kabla hujafungua mlango. Mrudishie mteja haki yake yote, hata iwe Sh. 50. Mtungi uache pale pale karibu na fedha, Noble hakukosea, lakini ubandike bei kwa herufi kubwa. Weka aina tatu badala ya moja: pipi kifua kwa wenye makoo, kidonge cha pumzi kwa wasafiri, jojo kwa vijana. Andika kila wiki ipi imeisha na ipi imebaki, na agizo lijalo lifuate daftari.

Ukifanya hivyo kwa miezi mitatu na ukaona hakuna anayenunua, basi mtaa wako hauhitaji mnanaa, na mtaji wako uhamie kwenye kitu kingine. Hilo nalo ni jibu lenye faida, ambalo mtungi wa chenji hautakupa kamwe.

Na kijana wa duka lile, kama anasoma: pipi zako tatu bado ninazo mfukoni. Zimeanza kunata.